Shahada ya biashara ya kimataifa huharibika siku ya kuchagua kozi

Wanafunzi huchagua masomo ya hiari kwa kuangalia ratiba na GPA. Gharama yake huonekana bandarini, mpakani na mbele ya mteja aliyetoka Lubumbashi.

Tuchukue kazi ambayo mwanafunzi aliye fildi, yaani mafunzo ya kazini, anaweza kupewa katika ofisi yoyote ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Mezani kuna ankara ya kontena lililotoka Uchina. Imeandikwa FOB Guangzhou, dola 20,000. Nauli ya meli ni dola 3,000, bima dola 200. Bidhaa iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25. Anaambiwa akadirie kodi ili mteja aandae fedha.

Tarakimu ni za mfano, lakini mtego uliomo ni wa kweli. Mwanafunzi anashika zile dola 20,000, maana ndizo zilizoandikwa kwa herufi nene. Anatoza asilimia 25, anapata 5,000. Anajumlisha, anatoza VAT ya asilimia 18 juu ya 25,000, anapata 4,500. Jumla dola 9,500. Anakabidhi karatasi akiwa na uhakika.

Karatasi inarudishwa. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru hautozwi juu ya FOB, yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini. Hutozwa juu ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya kuufikisha bandarini. Msingi wa hesabu ni 23,200. Ushuru ni 5,800, VAT ni 5,220, jumla 11,020, na bado hatujagusa tozo nyingine. Mteja angefika na fedha pungufu kwa dola 1,520, na kontena lingebaki bandarini likila gharama za hifadhi kila siku inayopita.

Kosa hili halitokani na uvivu wala ujinga. Linatokana na mpangilio. Somo la masharti ya mauzo, Incoterms, likipangwa mwaka wa tatu huku fildi ikiwa mwisho wa mwaka wa pili, mwanafunzi hukutana na ankara kabla hajakutana na somo. Na likiwa la hiari, huenda asikutane nalo kabisa.

Krediti ni saa

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kipimo kilicho wazi. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula.

Sasa piga hesabu. Krediti 60 ni saa 600. Muhula ukiwa na wiki 15 za masomo, hizo ni saa 40 kwa wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa kutwa. Ndani yake kuna mihadhara, semina, maktaba, kazi za vikundi na maandalizi ya mitihani. Kozi ya krediti 12 ni ahadi ya saa 120.

Wanafunzi hawahesabu hivyo. Huhesabu kozi: muhula huu nina tano, nne za lazima na moja ya hiari. Hiyo ya hiari ndiyo huchaguliwa kwa kusikiliza waliotangulia. Ipi mwalimu wake anatoa alama? Ipi haina kipindi Ijumaa mchana? Ipi haina hesabu?

Maswali hayo yana haki yake, na nitayarudia. Lakini biashara ya kimataifa ni fani ambayo nusu ya uzito wake umekaa kwenye zile kozi zinazoweza kukwepwa: lugha, sheria za nje, nyaraka za biashara, takwimu za juu. Mhasibu akikwepa kozi moja ya hiari, bado atatoka mhasibu. Wa biashara ya kimataifa akikwepa tatu au nne, anatoka na shahada ya utawala wa biashara iliyobandikwa jina refu.

> *Akikwepa kozi tatu au nne za hiari, anatoka na shahada ya utawala wa biashara iliyobandikwa jina refu.*

Kifaransa cha muhula mmoja

Hakuna mahali ambapo upangaji mbaya huumiza kama kwenye lugha.

Bandari ya Dar es Salaam inaishi kwa sehemu kubwa kwa mizigo ya nchi jirani, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia ndizo wateja wake wakubwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Bukavu akifika Kariakoo ataagiza mzigo kwa Kiswahili, atapunguziwa bei kwa Kiswahili na kupanga usafiri kwa Kiswahili. Hapo kijana wetu hujiona amemaliza.

Hajamaliza. Mkataba ukiandikwa upande wa pili utakuwa kwa Kifaransa. Tamko la forodha mpakani Kasumbalesa ni kwa Kifaransa. Barua ya benki, cheti cha ukaguzi, hati ya madai mahakamani, vyote ni kwa Kifaransa. Kiswahili hufungua mazungumzo, kisha karatasi huanza kusema lugha nyingine.

Walimu wa lugha hukadiria kwamba mtu huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili afike ngazi ya B1, pale anapoweza kusoma barua ya kazi na kujieleza bila kushikwa mkono. Linganisha na kozi moja ya krediti 12 yenye saa 120, tena humo zimo saa za kujisomea. Kozi moja ya Kifaransa mwaka wa tatu itampa salamu, tarakimu na namna ya kuagiza chai. Anahitaji kozi tatu kwa makadirio ya huruma, nne kwa uhakika zaidi. Na kwa kuwa ya pili haisomwi bila ya kwanza, lazima aanze mapema, muhula wa pili au wa tatu, la sivyo mihula inamwishia.

Kichina je? Wengi hukitaka, na sababu ipo, kwani maduka ya Kariakoo yamejaa bidhaa za Guangzhou na Yiwu. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria saa 2,200 za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza kufikia umahiri wa kikazi katika Kichina. Ni makadirio ya watu wengine na ngazi ya juu, lakini yanaonyesha ukubwa wa safari. Saa hizo ni sawa na krediti 220, zaidi ya nusu ya shahada nzima.

Ushauri wangu hapa hauna kigugumizi. Anayetazama soko la Kongo, Burundi na Afrika Magharibi asome Kifaransa ndani ya shahada, mfululizo, bila kuruka muhula. Anayetaka Kichina aanze nje ya krediti, jioni, kwenye Taasisi ya Confucius iliyopo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au pengine popote, na ajue kwamba shahada itakuwa mwanzo tu. Kuonja lugha zote mbili kozi mojamoja ni kupoteza saa 240.

Sheria hubadilika ukivuka mpaka

Kozi ya sheria ya biashara ya mwaka wa kwanza hufundisha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo asili yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, nayo ikatoka kwenye mila ya Kiingereza. Ni kozi nzuri. Mwanafunzi anajifunza ofa, ukubali, malipo na fidia.

Kisha anamuuzia mtu wa Kolwezi. Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, mfumo wa pamoja wa sheria za biashara ulioanzishwa kwa mkataba wa Port Louis wa mwaka 1993, na sasa una nchi 17, nyingi zikiwa zinazozungumza Kifaransa. Namna ya kusajili kampuni, kuweka dhamana na kumdai mdaiwa, yote yana taratibu zake huko. Aliyejifunza sheria ya Tanzania pekee atadhani mkataba wake unasomeka vilevile Kolwezi.

Hili ni eneo ambalo idara zenyewe zina la kujibu. Mwanafunzi hawezi kuchagua kozi ya sheria linganishi kama haipo kwenye orodha, au ipo kwenye kitabu cha programu lakini haifundishwi kwa kukosa mwalimu.

Hoja ya mwanafunzi

Turudi kwa anayechagua kozi nyepesi. Ni rahisi kumlaumu ukiwa umeshika ajira.

Kwa viwango vya TCU, GPA ya 3.5 ndiyo mlango wa daraja la pili la juu, na 4.4 ndiyo ya daraja la kwanza. Tofauti ya 3.4 na 3.5 inaweza kuamua nani anaitwa kwenye usaili, nani anaruhusiwa kuomba ufadhili wa shahada ya pili. Takwimu za juu zikimpa C, na kozi nyingine ya krediti zilezile ikimpa B+, hesabu yake si ya kipuuzi.

Halafu kuna hofu ya sapu. Anayeshindwa mtihani wa marudio hubeba kozi hadi mwaka unaofuata. Kozi aliyobeba hugongana na ratiba ya mwaka mpya, naye hujikuta akisoma masomo ya miaka miwili kwa wakati mmoja. Kama anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwaka wa ziada ni balaa la familia nzima. Mama aliyeuza ng'ombe kulipia malazi haulizi mwanawe amesoma Incoterms au la. Anauliza unamaliza lini.

Kwa hiyo kumwambia kijana achague kozi ngumu ajenge uwezo, bila kumwonyesha lini na kwa mpangilio upi, ni kumtupa mtoni. Kozi ngumu huwa ngumu zaidi ikichukuliwa bila msingi wake. Fedha za kimataifa bila uhasibu na fedha za kampuni ni mateso. Utafiti wa masoko bila takwimu ni kukariri. Wengi wanaoogopa kozi hizi wanaogopa kwa sababu waliowatangulia waliziingia vibaya.

Wahadhiri na mawakala

Mvutano mwingine uko kati ya madarasa na ofisi za bandarini.

Mawakala wa forodha na wasafirishaji wanataka kijana anayejua kusoma hati ya shehena, ile wanayoiita BL, anayejua kupanga bidhaa kwenye namba yake ya HS, ule mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na anayeelewa kwamba benki hulipa kwa nyaraka wala haiangalii mzigo. Kwao, muda anaoutumia chuo kumfundisha David Ricardo na mfano wake wa mwaka 1817, nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno, ungefaa kutumika kujaza fomu.

Wahadhiri wanaotetea nadharia wana jibu, na ni jibu zito. Fomu hufa. Tanzania ilitoka kwenye mfumo wa forodha wa ASYCUDA++ kwenda TANCIS, Kenya ikatoka Simba kwenda iCMS. Incoterms zilianza mwaka 1936, na toleo la 2020 lilifuta DAT na kuleta DPU. Jedwali la HS lililoanza kutumika 1988 hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, la sasa ni la 2022, na lijalo linaanza Januari 2028. Aliyefundishwa kubonyeza vitufe tu atarudi kuwa mwanafunzi kila mfumo unapobadilika.

Tazama hata ile ankara ya FOB. Shirika la kimataifa la wafanyabiashara, ICC, ambalo ndilo lenye Incoterms, hushauri kwamba mzigo wa kontena uuzwe kwa FCA badala ya FOB, kwa sababu muuzaji hukabidhi kontena kwenye yadi na si melini. Kontena likiharibika kati ya yadi na meli, FOB huacha hasara kwa muuzaji ambaye mzigo umeshatoka mkononi mwake. Aliyekariri herufi hatajua kwa nini. Aliyefundishwa wazo la hatari kuhama ataelewa kwa dakika moja.

Kwa maoni yangu wahadhiri wako sahihi kuhusu kinachopaswa kufundishwa, na mawakala wako sahihi kuhusu lini. Wazo la hatari, la thamani ya forodha na la malipo kwa nyaraka lifundishwe mwaka wa pili, kabla ya fildi, karatasi halisi zikiwa mezani. Ricardo hapungukiwi kitu akisomwa siku moja na orodha ya ushuru ya Jumuiya.

> *Wahadhiri wako sahihi kuhusu kinachopaswa kufundishwa. Mawakala wako sahihi kuhusu lini.*

Lori mbili Tunduma

Mfano mzuri wa nadharia na karatasi kukutana uko Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia.

Lori mbili zimepanga foleni, zote zimebeba sabuni kwenda Lusaka. Ya kwanza ina sabuni ya kiwanda cha Tanzania, ya pili ya kiwanda cha Kenya. Bidhaa ile ile, barabara ile ile, lakini unafuu wa ushuru hauombwi kwa cheti kimoja. Zambia ni mwanachama wa SADC na wa COMESA. Tanzania ipo SADC, lakini ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kenya ipo COMESA, haimo SADC. Kwa hiyo sabuni ya Tanzania huenda na cheti cha uasili cha SADC, ya Kenya na cha COMESA, na kila jumuiya ina kanuni zake za kuamua bidhaa imetengenezwa wapi.

Juu ya hapo limekuja Eneo Huru la Biashara la Afrika. Mkataba wake ulisainiwa Kigali Machi 2018, ukaanza kutumika Mei 2019, na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Tanzania na Kenya zote zilikuwa katika kundi la nchi za kwanza zilizoingizwa kwenye mpango wa majaribio ya biashara mwaka 2022.

Kozi ya utangamano wa kikanda huwa inaogopwa kwamba ni historia ya mikutano ya marais. Ikifundishwa hivyo, wanafunzi wana haki ya kusinzia. Ikifundishwa kwa lori mbili za Tunduma, ni kozi ya fedha. Hata ndani ya Jumuiya yetu wenyewe mambo hayatulii: tangu Julai 2022 kuna kundi la nne la ushuru, asilimia 35, juu ya yale ya sifuri, 10 na 25, na kila katikati ya mwaka nchi hupewa vibali vya kutoza tofauti na wenzao kwa bidhaa fulani. Mtu anayekisia bei ya samani au nguo kwa orodha ya mwaka jana anaweza kuanguka vibaya.

Nairobi, na suala la bodi

Kenya shahada ni miaka minne, na baadhi ya vyuo vyake vimechukua mtindo wa Marekani. USIU-Africa, kilichopo Kasarani, kina shahada ya usimamizi wa biashara ya kimataifa ambayo mwanafunzi hujenga mwenyewe kwa kiasi kikubwa: kozi za jumla kwanza, kisha za msingi, kisha eneo la ubobezi, na nyingi zimefungwa nyuma ya kozi tangulizi. Uhuru ni mkubwa, lakini mfumo hukataa usajili kama hujapita hatua ya chini. Kufuli hiyo pekee huzuia makosa mengi.

Miaka mitatu ya Tanzania haina nafasi hiyo ya kutangatanga. Ndiyo maana mpango unahitajika zaidi hapa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulielewa haraka kuliko wahadhiri. Mhasibu ana NBAA. Mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB. Bodi hizo hutoa vyeti, na vyeti hufungua ajira. Mhitimu wa biashara ya kimataifa hana bodi yake. Akitaka kibali cha kitaaluma, lazima atazame pembeni, na mpango wa kozi ndio unaoamua kama mlango utakuwa wazi. Aliyebeba uhasibu na ugavi wa kutosha anaweza kuendea mitihani ya bodi hizo bila kuanzia chini kabisa. Anayetaka forodha kuna cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha na usafirishaji, EACFFPC, ambacho kwa Tanzania hutolewa kupitia Chuo cha Kodi. Kujua hili mwaka wa kwanza ni tofauti na kulijua siku ya mahafali.

Mpango wenyewe ungekaaje

Mwaka wa kwanza ni wa misingi isiyokwepeka: uhasibu, hisabati za biashara na takwimu, uchumi mdogo na mkubwa, sheria ya mikataba. Hapa hakuna cha kuchagua sana, isipokuwa kimoja. Muhula wa pili lugha ianze.

Mwaka wa pili ndio mzito, na ndio unaoharibiwa zaidi. Nadharia ya biashara ya kimataifa ikae pamoja na nyaraka na masharti ya mauzo. Fedha za kampuni zitangulie fedha za kimataifa. Lugha iendelee mihula yote miwili, hata kama darasa limebaki na watu wanane. Fildi ikifika, mwanafunzi achague ofisi inayogusa mpaka au bandari, hata kama ile ya mjomba iko karibu na nyumbani.

Mwaka wa tatu uachiwe mambo yanayohitaji akili iliyokomaa: sheria za nje, utangamano wa kikanda, mkakati, utafiti. Utafiti huo uchukuliwe kwenye njia moja ya biashara, bidhaa moja, nyaraka zake halisi. Korosho za Mtwara kwenda India zinatosha kumshughulisha mtu muhula mzima, na karafuu za Pemba vilevile.

Kikwazo kikubwa cha mpango huu ni kawaida ya vyuo kutofungua kozi ya hiari yenye watu wachache. Kifaransa cha kwanza hujaza ukumbi, cha tatu hukosa wanafunzi, kinafutwa, na wale wachache waliovumilia wanaachwa njiani na saa 240 zisizofika popote. Hapo mwanafunzi mmoja hana nguvu. Wakiwa kumi na tano, waliosaini orodha moja na kuipeleka kwa mkuu wa idara kabla ratiba ya muhula haijatoka, wana cha kuzungumza. Na wakikosa kumi na tano ndani ya idara yao, wapo wa utalii, wa sheria na wa uhusiano wa kimataifa wanaotafuta darasa hilohilo kwenye jengo la pili.